Mnyama wa Baridi Katika Chumba cha Mamangu

"Wewe huna mtu," yule mama aliniambia. "Mchukue wewe."

Basi ndivyo nilivyompata. Alikuwa mama wa Kihindi, Muislamu kama mimi, mumewe ana duka la vyombo mjini, nao wakikaa ghorofani kule Mbaraki. Miaka kumi na mmoja niliwafulia na kuwapigia pasi, na kila mwezi nikiwapelekea udi ninaoupika mwenyewe. Binti yao alikuwa amekwenda ng'ambo kusoma, na sasa wazazi nao wanamfuata wakakae naye. Siku hiyo mapazia yalikuwa yameshateremshwa, masufuria yamefungwa magazetini, nyumba inatoa mwangwi. Kilichobaki ni tundu moja kubwa la waya chumbani kwa binti, na ndani yake mnyama wa rangi ya jivu. Ni mkubwa kuliko panya, mdogo kuliko sungura, masikio mapana, mkia kama wa kindi. Chinchila, ndivyo wanavyoitwa. Kwao ni milimani, nchi za mbali za baridi. Aliyemleta Mombasa namjua na namtaja: ni baba wa yule binti, mtu ambaye hakuweza kumwambia mwanawe la hata siku moja.

Yule mama alisema kweli, sina mtu. Lakini alikuwa na mabinamu Kizingo, alikuwa na rafiki wa msikitini na majirani wa ghorofa tatu, wote wana watu, na wote walikataa. Mimi nikaonekana nafaa kwa sababu hiyo moja.

Binti alinipa masharti kwa simu, uso wake umejaa kwenye kioo, mamake ameishika. Nisimwogeshe maji kamwe, manyoya yake ni mazito mno, yakilowa hayakauki na ngozi huoza. Ana vumbi lake maalumu ndani ya mkebe, nimtilie bakulini ajigaragaze. Chakula chake nyasi kavu. Matunda asipewe, tende asionje. Na joto, hilo ndilo la kuogopa kuliko yote, asipate joto. Chumba kile kilikuwa na mashine ya baridi iliyonguruma usiku na mchana; nilipokuwa nikiingia kuchukua nguo chafu nilikuwa nikijifunga leso mabegani. Nikamuuliza, mimi Mji wa Kale, juu yangu bati, nifanyeje?

"Utajua tu, Ma," akasema.

Nikampakia kwenye tuktuk. Dereva akanitazama kwa kioo chake njia nzima, mpaka akashindwa. Akaniuliza huyo panya ni wa wapi mpaka analipiwa nauli. Nikamwambia ni mgeni, aendeshe polepole.

Nyumba yetu ni ya mawe ya zamani, kuta nene kiasi cha mkono mzima, iko kwenye uchochoro ambao tuktuk haingii. Ni nyumba ya mamangu. Mimi nakaa chumba cha juu, mbele, chini ya bati. Chini kuna ukumbi, jiko, na chumba cha uani ambacho nilikuwa nimekitia kufuli miaka sita. Ufunguo nilikuwa nao shingoni.

Acha nikiseme hicho chumba, maana bila ya kukisema hakuna kitakachoeleweka.

Kilikuwa chumba cha mamangu, na mimi nikilala humo humo, kitanda changu mlangoni, chake dirishani. Dari yake ilikuwa ya boriti, miti ile ya mikoko iliyopangwa karibu karibu, juu yake mawe na chokaa. Dari ya namna ile huishi miaka na miaka ikiachwa inapumua. Kakangu, mkubwa wangu, tumbo moja, akataka chumba cha juu yake kipangishwe. Akaleta fundi, fundi akamwaga simiti juu ya sakafu ya zamani, nene, akaisugua mpaka ikang'aa. Mpangaji apendezwe. Fundi yule alijua. Alisema mbele yangu kwamba boriti zile hazitaki uzito na hazitaki kufungiwa maji, akasema, kisha akachukua kazi. Halafu ikaja masika. Maji yakaingia pale ukutani, yakakosa pa kutokea. Alasiri moja mamangu amekaa kitandani, mimi nimekaa sakafuni namkata kucha za miguu, juu yetu pakalia kama kuni inayopasuliwa.

Mimi nilitolewa chini ya kifusi. Mguu wa kushoto haujawahi kuwa mguu tena. Mamangu alitolewa baadaye.

Kakangu ndiye, na yule fundi ndiye. Na wale wa ofisi ya mji waliokuja na karatasi simiti ilipomwagwa, wakatazama juu, wakaandika, wakaenda zao, ndio. Kila mtu mtaani anajua, hakuna anayesema, kwa sababu kakangu alijenga dari upya kwa vyuma na mbao nzuri akatoa sadaka kubwa ya matanga, na watu wakasema amefanya lililo juu yake. Mimi nasema.

Basi mnyama nikamweka juu, kwangu. Wiki ya kwanza hakunitazama. Alikaa kona ya tundu amejikunja, ukinyoosha mkono anaruka kama umemmwagia maji ya moto. Nilikuwa nimedhani atakuwa kama paka, atakuja mapajani. Huyu hataki kushikwa. Mchana alala, jua likikaribia kuzama ndipo anaamka, anaoga vumbi lake akijigeuzageuza haraka haraka mpaka manyoya yanatoa vumbi kama moshi, kisha anakaa kwa miguu ya nyuma anashika ujani mmoja kwa vidole viwili anautafuna, macho meusi yamenikodolea. Hiyo ndiyo saa yangu. Nilikuwa nikipika mapema, nikimaliza sala, nikikaa kwenye mkeka mbele yake. Nilikuwa nimeshazoea kula huku nimeipa nyumba mgongo. Sasa nikawa nala nimekabiliana na kiumbe.

Nyasi nilizipata Makupa, kwa wanaoteremsha marobota ya majani makavu kutoka bara kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi. Nilikuwa nikinunua fungu dogo, nikalibeba kichwani kwa mguu huu. Muuzaji aliniuliza nina mbuzi wangapi. Nikamwambia mmoja, mdogo.

Jirani yangu wa ng'ambo ya uchochoro, mwanamke wa rika langu, huuza barafu za ukwaju. Alikuja siku ya tatu, akasimama mlangoni mkono kiunoni.

"Mwenzangu, mtaa mzima wafukuza panya," akasema, "wewe wamtandikia kitanda."

Akacheka peke yake. Lakini ndiye aliyenipa nafasi kwenye friza yake. Kila asubuhi nikimpelekea chupa za maji, adhuhuri nikizifuata zimeganda, nikizifunga kwa kitambaa na kuzilaza kando ya tundu. Mnyama akizikumbatia kwa ubavu. Nikamtafutia na kigae cha marumaru, nacho nikikitia baridi, akikipanda kukilalia. Kwa mwezi na zaidi tukaenda hivyo.

Jirani akawaambia wenzake, wenzake wakaja kutazama. Baada ya alasiri wanapanda ngazi, buibui zinapiga ukuta, wanauliza yuwala nini, yuwazaa wangapi, mkojo wake wanuka? Mmoja akasema manyoya yale yangetosha kola ya koti. Nilihesabu waliosema mashaallah na ambao hawakusema. Sijui kwa nini, lakini nilifurahi kuja kwao. Miaka sita hakuna aliyepanda ngazi zile. Kisha wakatosheka, wakaacha kuja.

Kaskazi ikashika. Wenyewe mwajua Mombasa ya miezi ile, ukuta wa nje ukiugusa waunguza, bati linalia tik tik kutwa. Siku moja stima ikapotea asubuhi isirudi. Friza ya jirani ikayeyuka. Nikatembea mpaka sokoni kutafuta barafu, nikakuta foleni ya wauza samaki, nikarudi na donge moja lililobaki nusu njiani. Nikamkuta amelala ubavu. Masikio mekundu, mishipa yake yaonekana kama uzi. Alihema kwa mdomo wazi na mate yamemlowesha kidevu.

Nikajua ni jicho.

Nakwambia nilivyojua wakati ule. Wale wanawake, hasa yule wa kola ya koti, aliyemtazama bila ya kumtaja Mungu, nilimwona nikanyamaza. Kwetu jicho dawa yake yajulikana, na mimi ndiyo kazi yangu. Nikawasha makaa, nikatia ubani na udi wangu mzuri, nikatia na chumvi kidogo, nikakiweka chetezo chini ya tundu. Nikalifunika tundu zima kwa leso mbili ili moshi usitoroke, kama tufukizavyo nguo za harusi juu ya susu ya kufukizia. Nikafunga dirisha. Nikakaa nikisoma ninayoyajua. Moshi ukatokea kwenye pindo za leso, mtamu, chumba kizima kikanukia, na mimi nikaona raha kama ninavyoona siku zote nikinusa kazi ya mkono wangu.

Ndani ya tundu pakawa kimya. Nilidhani amepoa.

Nilipoinua leso alikuwa ameubandika uso wake kwenye waya, upande wa dirisha lililofungwa.

Jirani alikuwa na nambari ya daktari wa mifugo, mtu wa bara, Mkristo, mpole, aliyewahi kumtibia mbuzi wake kabla ya Idi. Nikampigia. Aliniambia wazi kwamba mnyama huyo hajapata kumshika kwa mkono, alimsoma tu. Akaniuliza nimemfanyia nini. Nikamweleza kila kitu, makaa, ubani, leso mbili, dirisha. Nilisikia pumzi yake kwenye simu.

"Mama, unamchoma," akasema. "Toa moto. Toa moshi. Mpeleke mahali pa baridi sasa hivi. Huna chumba cha chini, cha mawe?"

Nikasema sina.

Akasema basi nitafute kwa jirani, maana huyu hatafika magharibi.

Nikaikata simu nikasimama pale. Ufunguo ulikuwa umenibandika kifuani kwa jasho. Miaka sita nilikuwa nikipita mbele ya mlango ule nimegeuza uso, nikienda jikoni, nikirudi jikoni. Nikamfunga kwa kitambaa kikavu. Kwa mara ya kwanza hakuruka, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa mwepesi kabisa, manyoya matupu na moyo unaokimbia. Nikateremka ngazi kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, kwa sababu mguu haukunisikia.

Kufuli lilikuwa limeshika kutu. Nililipiga kwa mchi wa kinu.

Baridi ilinipokea miguuni kwanza. Baridi kavu ya mawe. Chumba kilikuwa kitupu, dari mpya, vyuma vimepakwa rangi, sakafu ile ile ya zamani. Dirisha lilikuwa dogo, juu, lenye mwanga kidogo. Nikamlaza sakafuni penye kivuli, pale pale palipokuwa na kitanda cha dirishani. Sikukusudia, ndipo palipokuwa na baridi zaidi. Nikakaa kando yake, nikampepea kwa kipepeo cha jikoni, polepole, nikitazama ubavu wake na nikitazama juu. Ubavu, juu. Sikutoka.

Alasiri ikaadhiniwa. Akafunga mdomo, akawa anahema kwa pua. Baadaye akanyanyua kichwa. Jua linakwenda kuzama akajivuta kwa miguu ya mbele, akakaa, akanipa mgongo.

Nikaleta tundu chini. Nikaleta na mkeka wangu na mto. Yeye asingeishi juu mwezi mwingine wa kaskazi, na mimi nisingemwacha peke yake mle. Ndivyo nilivyorudi kulala chumba cha mamangu.

Ijumaa iliyofuata kakangu akaja. Hupita baada ya sala, hukaa ukumbini dakika chache, kanzu imepigwa pasi, akauliza hali ya mguu akajibiwa, akaenda zake. Safari hii alikuta mlango wa uani umewachwa wazi. Akasimama kizingitini, hakuingia.

"Alhamdulillahi," akasema. "Umekifungua. Kuna bwana nilimwahidi, ana duka la viatu, ataka stoo."

Nikamwambia chumba kina mwenyewe.

"Nani?"

Nikamwonyesha. Akainama, akatazama ndani ya tundu, akainuka taratibu.

"Dada, kwa panya huyu?"

"Panya huyu ataka kuishi," nikamwambia. "Humu ndani umeshaua mmoja, yatosha."

Sikupata kumwambia maneno hayo miaka yote sita. Niliyasema kwa watu, niliyasema jikoni peke yangu, niliyasema kwa mnyama huyu jioni nyingi. Yeye mwenyewe nilikuwa nikimjibu hali ya mguu. Uso wake haukubadilika. Alipangusa jasho la shingo kwa leso yake ya mfukoni, akaikunja, akairudisha.

"Na wewe," akasema, "uliyekuwa ukilala hapa. Usiku na mchana. Wewe hukuona kitu?"

Kisha akavaa viatu akaondoka. Hakurudi kusema habari za stoo.

Nimekaa na swali lile. Jibu nilikuwa nalo tangu siku dari ilipoanguka.

Niliona. Tangu vuli, kabla ya masika yenyewe, kila asubuhi palikuwa na unga kwenye shuka ya mamangu, unga mwembamba wa rangi ya ngano, umemwagika kutoka kwenye boriti zilizoliwa ndani. Yeye mwenyewe aliniambia, "Mwanangu, hiki kitu chanianguka machoni." Nikakung'uta shuka. Nikafagia. Kesho yake nikakung'uta tena. Na chumba kilianza kunuka, harufu ya mti unaooza majini, nzito. Mimi pua yangu ndiyo riziki yangu, harufu ile ilinifikia kabla ya mtu yeyote. Nikafanya nini? Nikafukiza. Asubuhi na jioni nilikizungusha chetezo kona zote nne, mpaka wageni wakasema chumba cha mamako chanukia kama peponi. Sikumwita mtu. Sikumwambia hata kakangu, kwa sababu nilijua atakasirika, na nilikuwa nikimwogopa.

Kwa hivyo namtaja na huyo. Wenye kosa kubwa ni kakangu, na fundi, na wale wa karatasi, hilo silibadilishi mpaka naingia kaburini. Lakini yupo na mmoja aliyekuwa na ufagio.

Udi sichomi tena ndani ya nyumba. Napikia uani kwa jirani, nauzia huko huko, narudi nikikung'uta buibui langu nje ya mlango. Siku za mwanzo nyumba ilinitisha bila ya moshi. Ilinuka chokaa, na samli ya zamani, na maji ya kisima. Nyasi za Makupa zinanuka pia, harufu ya mbali, ya nchi nisiyoijua. Ukikaa nazo wazizoea.

Mnyama yu hai. Kaskazi inakwisha. Hanipendi, sitaki kujidanganya. Nikitia mkono huuruka, na akishiba hunipa mgongo akatazama ukuta. Yule binti alipiga mara moja akaniomba nimwonyeshe, nikamwonyesha, akalia kidogo, akasema anaonekana mnene. Akaniuliza mimi nami nimekaaje. Nikamwambia tuko salama. Hajapiga tena. Yule mama hajapiga hata siku moja.

Kila usiku kabla ya kulala natandaza shuka nyeupe sakafuni chini ya dari, kutoka ukuta mpaka ukuta. Ni ile ya mamangu, nimeipasua na kuiunga. Asubuhi, kabla sijafungua dirisha, napiga goti kwa mguu wangu mmoja mzima naikagua, upande kwa upande, napitisha kiganja. Natafuta unga. Yeye amelala kwenye kigae chake amejiviringa, sikio moja limesimama.

Leo palikuwa na vijiti vya nyasi na vumbi lake la kuogea. Nimelichota vumbi kwa kidole, nikalinusa, nikahakikisha si unga wa mti. Jirani alikuwa bado hajafungua mlango wake. Nikamwambia mnyama kwamba hamna kitu.

Sikio likageuka kidogo, likarudi.